Kompyuta Uliyoiovakloki Inaganda Kila Mara? Fuata Hatua Hizi Kabla ya Kuongeza Volti

Swali hili halikauki. Mtu ameiovakloki prosesa yake, yaani ameisukuma ikimbie kupita kasi iliyowekewa kiwandani, michezo imeenda vizuri siku mbili tatu, kisha skrini ikaanza kusimama ghafla. Kipanya hakisongi, sauti inarudia kipande kimoja. Anaongeza volti, inaganda. Anaweka Windows upya, inaganda. Mwishowe anauza RAM ambayo haikuwa na hatia yoyote.

Karibu kila mara kosa ni lile lile: amebadilisha mambo matatu kwa mpigo, na sasa hajui ni lipi lililoleta balaa. Kwa hiyo sheria ya mwongozo huu ni moja. Gusa kitu kimoja, pima, andika, ndipo uguse kingine.

Jambo moja kabla hatujaanza. Kama mashine yako ni ya ofisi, zile za ex-UK (zilizotumika Uingereza kwanza) za Dell OptiPlex au HP zinazojaa madukani katikati ya jiji la Nairobi, ubao mama wake kwa kawaida haukubali kuovaklokiwa. Ikiganda, chanzo ni kingine: soma Hatua ya 1, kisha uruke hadi Hatua ya 4.

## Vifaa vya kuandaa

- Bisibisi ya nyota, brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kutumika, na blowa ndogo ukipata ya kuazima.
- Flashi mbili: moja ya MemTest86, nyingine ya faili ya BIOS (programu ya ubao mama inayoanza kabla ya Windows, ambamo kasi na volti hupangwa).
- Betri mpya ya CR2032, ile bapa ya volti 3.
- Pesti ya prosesa, alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi. Spiriti ya duka la dawa si mbadala mzuri, kwa kuwa mara nyingi huchanganywa na mafuta ya kulinda ngozi, na mafuta hayo hubaki juu ya chuma.
- Programu hizi, ambazo zote zina toleo la bure: HWiNFO (husoma joto na volti), Prime95 na OCCT (huibebesha prosesa mzigo mzito), MemTest86 (hupima RAM) na CrystalDiskInfo (husoma afya ya diski). Zipakue kutoka tovuti za watengenezaji wenyewe.
- Simu ya kupigia picha kila ukurasa wa BIOS, pamoja na daftari.

Daftari si pambo. Baada ya kuwasha na kuzima mara nyingi, hakuna anayekumbuka kama volti zilikuwa 1.24 au 1.26.

Onyo: usifungue pawa saplai kwa hali yoyote. Kapasita zake hubaki na chaji ya hatari hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

## Hatua ya 1: Tazama inavyoganda

Watu wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo ingewaokolea wiki nzima. Kuganda kuna aina zake, na kila aina inakuelekeza mahali tofauti.

Mashine ikisimama, usikimbilie kitufe cha kuzima. Bonyeza Caps Lock na utazame kitaa cha kibodi. Kikiwaka na kuzima kila ukibonyeza, Windows bado iko hai chini ya ile picha iliyosimama. Sasa bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Amri hiyo huiwasha upya draiva ya grafiki. Skrini ikizima kidogo kisha ikarudi, mshukiwa wako wa kwanza ni kadi ya grafiki. Kipanya kikisonga lakini hakuna dirisha linalofunguka, na taa ya diski imewaka bila kupepesa, mshuku diski au waya wake.

Kitaa cha Caps Lock kisipobadilika kabisa, mashine imesimama kuanzia chini. Hapo tunazungumzia prosesa, RAM au umeme.

Kisha jiulize inaganda wakati gani. Ikiganda ukiwa mchezoni au unapohariri video, prosesa inakosa volti za kutosha ikibeba mzigo, au joto limezidi, au pawa saplai imechoka. Ikizima ghafla kama stima imepotea, bila kuganda kwanza, elekeza macho kwenye pawa saplai na joto.

Kuna aina moja inayowachanganya hata mafundi: kompyuta inastahimili Prime95 saa nzima, halafu inaganda ukiwa unasoma barua pepe tu. Hilo halina uchawi. Kazi ikiwa nyepesi, prosesa za kisasa hushusha volti kabisa, kisha kiini kimoja hurushwa ghafla hadi kasi ya juu kuliko ile ya viini vyote vikifanya kazi pamoja. Kama umepunguza volti kupita kiasi, kwa mfano kwa Curve Optimizer (mpangilio wa prosesa za AMD Ryzen wa kupunguza volti za kila kiini) yenye namba hasi kubwa, kiini hicho hakipati cha kukitosha katika mruko huo. Mzigo mzito hauonyeshi kasoro hii kwa sababu wakati huo kasi ya kila kiini iko chini kidogo.

Umefaulu hatua hii ukiwa na sentensi moja kamili daftarini. Mfano: "Inaganda dakika kumi ndani ya mchezo, Caps Lock haijibu, sauti inajirudia."

## Hatua ya 2: Hifadhi faili, kisha rudisha mipangilio ya kiwandani

Nakili kazi zako kwenye diski ya nje kwanza. RAM isiyo imara huharibu faili polepole bila kukuambia, na picha za harusi ya mteja si kitu cha kufanyia majaribio.

Piga picha mipangilio yote ya BIOS, kisha uchague kurudisha ya kiwandani. Kama mashine haifiki hata kwenye BIOS, izime, chomoa waya wa stima, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili chaji iliyobaki iishe, toa betri ya CR2032 na usubiri dakika tano. Gusa chuma cha kasha kabla ya kuingiza mkono ndani.

Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza ni XMP, au EXPO kwenye mbao za AMD: mpangilio wa BIOS unaoikimbiza RAM kwa kasi iliyoandikwa kwenye lebo yake. Wengi huiwasha mara tu baada ya kurudisha mipangilio, wakidhani ni kasi halali ya RAM. Ile nayo ni kuovakloki. RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3600 kwa kawaida huanza kwa 2133, 2400 au 2666 ikiwa XMP imezimwa, na volti zake hupanda kutoka 1.2 hadi kama 1.35 ikiwashwa. Iache imezimwa. Usishtuke ukiona namba ndogo.

Mtego wa pili ni programu za ndani ya Windows. Ryzen Master, Intel XTU na MSI Afterburner zinaweza kurudisha mipangilio ya zamani kila mashine inapowaka. Zifute kwa sasa.

Tumia kompyuta kama kawaida kwa siku moja au mbili. Isipoganda, vifaa vyako ni vizima na shida iko kwenye namba ulizoweka. Bado fanya Hatua ya 3 na ya 4, kisha nenda ya 6. Ikiganda hata sasa, kuovakloki si chanzo, au si chanzo pekee. Fuata hatua zote bila kuruka.

## Hatua ya 3: Soma alichoandika Windows

Bonyeza Windows na R, andika eventvwr, kisha fungua Windows Logs na System. Tafuta dakika ile mashine ilipoganda.

Kernel-Power 41 utaikuta karibu kila mara. Usiitegemee. Inasema tu kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu, na wewe ndiye uliyebonyeza kitufe.

Dhahabu iko kwenye WHEA-Logger, ambapo Windows huandika makosa ya vifaa. Namba 18 ni kosa kubwa la vifaa ambalo halikuweza kusahihishwa. Namba 19 ni kosa lililosahihishwa, yaani mashine ilijikwaa lakini haikuanguka. Makosa ya 19 yakijaa hapo, una prosesa inayokaribia kuganda hata kama leo inaonekana shwari. Nje ya WHEA-Logger, namba 4101 inasema draiva ya skrini iliacha kujibu ikarudi.

Ukikutana na skrini ya buluu, andika maneno yake. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR na CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT huelekeza kwenye volti na kasi ya prosesa mara nyingi. MEMORY_MANAGEMENT huelekeza kwenye RAM.

## Hatua ya 4: Joto, na hewa ya Nairobi

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa au London kwa zaidi ya asilimia 15, na feni hupoza kwa kusukuma hewa. Kwa hiyo feni ile ile, kwa mizunguko ile ile, huondoa joto kidogo zaidi hapa. Namba unazoziona kwenye video za majaribio ya Ulaya usizichukue kama ahadi. Ukiwa chini ya paa la mabati mwezi wa Februari, saa nane mchana, punguza matarajio zaidi.

Halafu vumbi. Fungua kasha, ondoa feni ya prosesa kwenye hitisinki (chuma cha kupozea) na utazame kati ya vile vibamba vya alumini. Kama nyumba yako iko karibu na barabara ya vumbi, utakuta tabaka jekundu lililoshikana kama blanketi, lipo upande wa feni tu. Kwa nje feni inaonekana safi na inazunguka vizuri, lakini hewa haipenyi. Safisha kwa brashi na blowa huku umeshika mapanga ya feni yasizunguke. Usiipeleke mashine kwenye kompresa ya matairi ya petroli stesheni: hewa ile hubeba maji na mafuta.

Pesti iliyokauka ikawa unga ifute kwa alkoholi, upake mpya kiasi cha punje ya njegere katikati, ukaze skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo. Kama unatumia kipozeo cha maji, hakikisha kwenye HWiNFO kwamba pampu inazunguka. Joto likiruka hadi nyuzi 90 ndani ya sekunde chache tu, pampu imekufa au kipozeo hakijakaa sawa.

Sasa pima. Fungua HWiNFO, iwashe irekodi kwenye faili kila sekunde mbili, kisha endesha Prime95 kwa Small FFTs, kipimo chake kinachochemsha prosesa zaidi, dakika ishirini. Mashine ikiganda, faili hubaki, na mstari wa mwisho utakuambia joto na volti zilivyokuwa muda mfupi kabla ya ajali.

Umefaulu joto likikaa chini ya nyuzi 85 mfululizo, ukiwa na mipangilio ya kiwandani. Prosesa nyingi za Intel hujipunguza kasi zikifika nyuzi 100, na Ryzen 7000 zimeundwa kufika 95. Hata hivyo, ukigusa ukingo huo kabla hujaovakloki, huna nafasi ya kuongeza chochote. Nunua kipozeo bora kwanza.

## Hatua ya 5: Stima

Stima yetu ni ya volti 240, lakini jioni mtaa mzima ukipika, namba hiyo inaweza kushuka. Pawa saplai nzuri huvumilia. Ya bei ya chini iliyokuja bure na kasha hupepesuka. Kama mashine yako huganda jioni na si mchana, anzia hapa. Toa kompyuta kwenye ile ekstensheni inayolisha pia friji, pasi na kettle, uichomeke peke yake ukutani.

Kwenye HWiNFO tazama laini ya volti 12 chini ya mzigo. Kiwango cha ATX ni asilimia 5 juu au chini, yaani 11.40 hadi 12.60. Vihisi vya ubao mama si sahihi kabisa, kwa hiyo kinachokuhusu zaidi ni mwenendo: ikianza 12.1 na kuporomoka hadi 11.3 mchezo ukianza, pawa saplai haitoshi. Kuovakloki huongeza ulaji wa umeme kwa kasi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu nguvu hupanda kwa mraba wa volti. Kutoka 1.20 hadi 1.32 ni nyongeza ya asilimia 10 tu ya volti, lakini ni kama asilimia 21 ya umeme na joto, kabla hata hujahesabu kasi yenyewe.

## Hatua ya 6: RAM

Zima mashine, hakikisha vipande viwili viko kwenye nafasi ya pili na ya nne kutoka kwa prosesa, kama kitabu cha ubao mama wako hakisemi vingine. Washa kwa flashi ya MemTest86 na uiache usiku kucha, mizunguko minne, XMP ikiwa bado imezimwa. Kosa moja tu ni kufeli. Hakuna makosa machache yanayokubalika.

Ukipata kosa, pima kipande kimoja kimoja katika nafasi ile ile. Kipande kikifeli peke yake, kirudishe dukani. Vikifaulu vyote kimoja kimoja lakini vikafeli pamoja, huenda umechanganya vipande vya maboksi tofauti. Jina na namba juu ya lebo vinaweza kufanana huku chipu za ndani ni za viwanda viwili. Ukinunua Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, au popote pale, nunua jozi iliyofungwa pamoja.

Ikifaulu, washa XMP na urudie kipimo. Ikifeli sasa, shusha kasi hatua moja, 3600 hadi 3400 kwa mfano, badala ya kupandisha volti. Tofauti ya kasi hiyo huitambui kwa macho; RAM inayokosea utaitambua. Wenye Ryzen 7000 wasivushe volti za SoC (sehemu ya prosesa inayosimamia RAM) juu ya 1.30, kikomo ambacho AMD ilikiweka mwaka 2023 baada ya baadhi ya prosesa kuungua.

## Hatua ya 7: Panda tena, ngazi kwa ngazi

Kwanza sasisha BIOS. Hili ni la lazima kwa wenye Intel za kizazi cha 13 na 14 za mezani: mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi zilikuwa zikijidhuru kwa volti za juu, ikatoa masahihisho, likiwemo 0x12B la Septemba, na ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Kama yako inaganda hata kwa mipangilio ya kiwandani baada ya kusasisha, usiendelee kuitibu. Dai dhamana. Na usianze kusasisha BIOS stima ikiwa inapotea mtaani kwako. Tumia UPS au subiri.

Acha saa ya msingi (BCLK kwenye BIOS) kwenye MHz 100. Kwenye mbao nyingi ukiigusa unavuruga pia PCIe, njia inayounganisha kadi ya grafiki na diski, na diski ya NVMe inaweza kuanza kuharibu data. Badilisha namba ya kuzidishia tu: 100 mara 46 ni GHz 4.6.

Anza chini ya kasi uliyokuwa nayo kwa MHz 200. Endesha Prime95 nusu saa, ukitazama mstari wa WHEA ndani ya HWiNFO. Ikipita, panda MHz 100. Prime95 ikiandika "FATAL ERROR: Rounding was 0.5, expected less than 0.4", hesabu imekosewa, na hiyo ni habari njema kwako kwa sababu umelijua kosa kabla ya mashine kuganda. Ongeza volti 0.01 hadi 0.02, si zaidi, urudie.

Mimi sivuki volti 1.30 kwenye prosesa za miaka ya karibuni zinazopozwa kwa feni. Ikihitaji zaidi ya hapo, chipu yako imefika mwisho wake, na kushuka MHz 100 ndiko dawa.

Kama tatizo lako lilikuwa la kuganda kwenye kazi nyepesi, Prime95 ya viini vyote haitoshi. Tumia OCCT ikipima kiini kimoja baada ya kingine, na urudishe Curve Optimizer kuelekea sifuri kwa hatua ya 5, ukianza na vile viini viwili bora, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyorushwa juu zaidi.

Umefaulu ukipata saa moja ya Small FFTs, usiku mmoja wa Blend (kipimo cha Prime95 kinachojaribu RAM pia), na sifuri kwenye WHEA. Sifuri, si tatu.

## Hatua ya 8: Kadi ya grafiki na diski

Kadi ya grafiki iguse mwisho, baada ya prosesa na RAM kutulia. Ongeza MHz 25 kwa wakati mmoja. Ukiona vidoa vya rangi au draiva ikijirudisha, rudi nyuma MHz 50.

Kwa diski, fungua CrystalDiskInfo. Kwenye diski za SATA, namba ya C7 (makosa ya data njiani kati ya diski na ubao mama) ikiendelea kupanda, badilisha waya kabla ya kulaumu diski.

Kisha safisha madhara ya siku zile za kuganda. Fungua Command Prompt kama msimamizi, endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, halafu sfc /scannow, halafu chkdsk C: /f. Bila hatua hii, mashine iliyotulia kabisa inaweza kuendelea kukwama kwa sababu ya faili za Windows zilizoharibika zamani.

Hifadhi mipangilio kwenye BIOS kama profaili yenye jina, na upige picha. Rudia kipimo cha joto Januari ikifika, hasa kama uliipanga mashine yako katika baridi ya Julai.

## Ikiganda hata kwa mipangilio ya kiwandani, baada ya yote haya

Umebaki na pawa saplai, ubao mama au prosesa yenyewe, na kuzitenganisha kunahitaji vifaa vya kubadilishia. Hapo ndipo fundi anapostahili malipo yake. Mpelekee daftari, faili ya HWiNFO na picha za makosa ya MemTest86 kama yapo, na umwombe aanze kwa kuazimisha pawa saplai nyingine mbele yako, kwa sababu ndiyo rahisi kubadilisha na ndiyo hufa zaidi kwa stima yetu. Akikwambia tuanze kwa kuweka Windows upya kabla hajatazama daftari hilo, tafuta fundi mwingine.